Kipandauso cha mara kwa mara: Vidonge vya kila siku huongeza maumivu

Katika maduka ya dawa muhimu mkoani Singida, kama ilivyo kwingineko nchini, dawa za kutuliza maumivu ni miongoni mwa bidhaa zinazoulizwa sana. Mnunuzi hupewa vidonge viwili, huvimeza kwa maji na kurejea shambani, sokoni au darasani. Kwa kichwa kinachouma mara moja moja, utaratibu huo hauna madhara makubwa. Tatizo huanza pale kichwa kinapouma kila wiki, kisha kila baada ya siku mbili, na vidonge vikawa vya kila siku. Kwa mgonjwa wa kipandauso, dawa iliyomtuliza leo inaweza kugeuka kuwa chanzo cha maumivu ya kesho.

Kipandauso ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaojitokeza kwa mashambulio. Maumivu mara nyingi huwa ya upande mmoja wa kichwa, hupwita kama mapigo ya moyo, huzidi mgonjwa anapotembea au kuinama, na huambatana na kichefuchefu, kutapika au kushindwa kuvumilia mwanga na kelele. Kwa mtu mzima asiyetibiwa, shambulio moja hudumu kati ya saa 4 na saa 72. Likishapita, mgonjwa huwa mzima hadi shambulio jingine, na hilo ndilo humponza mbele ya wenzake: jirani aliyemwona jana akichambua vitunguu haamini kwamba leo hawezi kuinua kichwa.

Baadhi ya wagonjwa hupata ishara za awali kabla ya maumivu. Huona mistari inayometameta au doa linalotanuka mbele ya macho, au huhisi ganzi inayopanda taratibu kutoka mkononi hadi usoni. Ishara hizo huchukua kati ya dakika 5 na saa moja, kisha hutoweka. Kwa asiyezijua huogopesha, na si ajabu familia ikatafuta sababu nje ya tiba. Ukweli ni kwamba kipandauso hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Ubongo wa mwenye ugonjwa huu huitikia kwa ukali mabadiliko ambayo watu wengine huyapita bila kuyahisi, na mishipa ya fahamu inayohudumia uso na utando wa ubongo huamshwa na kuleta maumivu.

Ukubwa wa tatizo hautokani na kukisia tu. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika katika eneo linalohudumiwa na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, jirani na Wilaya ya Mkalama, ulihusisha watu zaidi ya 7,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionesha kuwa takribani watu wanne katika kila 100 walikuwa na kipandauso katika kipindi cha mwaka mmoja, wanawake wakiwa karibu mara tatu ya wanaume. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, Mkoa wa Singida una wakazi milioni 2 na ushei. Endapo kiwango cha Haydom kitachukuliwa kuwa kipimo, wenye kipandauso mkoani humo ni watu wapatao 80,000, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzalisha na kulea.

Wengi wa watu hao hawajawahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Kichwa kikiuma, dhana ya kwanza huwa malaria, ya pili presha. Singida ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi ya chini ya malaria nchini, hivyo maumivu ya kichwa yasiyo na homa, yanayokuja na kuondoka kwa mtindo uleule miaka nenda rudi, hayapaswi kutibiwa kwa dawa mseto kabla ya kipimo. Kipimo cha haraka kikionesha hakuna vimelea, mgonjwa ana haki ya kuuliza swali linalofuata: kama si malaria, ni nini? Presha nayo ipimwe, ingawa shinikizo la damu la kawaida la juu kwa sehemu kubwa haliumizi kichwa. Wapo pia wanaochanjwa chale kwenye paji la uso. Chale hazizuii shambulio, na wembe unaotumiwa na zaidi ya mtu mmoja huweza kuambukiza virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Kufunga kichwa kwa kanga, kwa upande mwingine, hakuna madhara na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu.

Mazingira ya Singida yana mambo kadhaa yanayoweza kuchochea mashambulio. Kiangazi huwa kirefu, jua huwa kali na upepo mkavu huinua vumbi. Mkulima wa alizeti au vitunguu anayetoka nyumbani alfajiri bila kula, akafanya kazi hadi mchana akiwa na chupa moja ya maji, amejikusanyia vichochezi vitatu kwa pamoja: njaa, upungufu wa maji mwilini na mwanga mkali. Moshi wa kuni na harufu nzito, kama ile ya mafuta ya petroli, huongeza wa nne. Dereva wa lori anayepita barabara ya Dodoma kwenda Mwanza kupitia Singida hukabiliwa na usingizi uliokatikakatika na vinywaji vingi vyenye kafeini. Kafeini ina hila yake: kidogo husaidia dawa kufanya kazi, lakini aliyeizoea kila siku huumwa kichwa anapoikosa.

Kwa sababu hiyo, kinga ya kwanza haigharimu fedha nyingi. Ni kulala na kuamka kwa saa zilezile hata siku ya mapumziko, kutoruka mlo, kunywa maji mara kwa mara kabla ya kiu, kuvaa kofia pana au kujitanda kitambaa juani, na kuufanyisha mwili mazoezi ya wastani. Kwa Waislamu wenye kipandauso wanaofunga Ramadhani, daku ya kuchelewa na maji ya kutosha usiku hupunguza hatari. Anayepata mashambulio mazito hata hivyo anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya mwezi huo kuanza, si katikati yake.

Ushauri wa kuacha vyakula vingi kwa mkupuo hauna msingi imara. Njia yenye manufaa zaidi ni daftari. Kwa miezi miwili au mitatu, mgonjwa aandike tarehe ya kila shambulio, saa lilipoanza, alichokula na kunywa, usingizi wa usiku uliotangulia, siku za hedhi kwa mwanamke, na dawa aliyomeza pamoja na idadi ya vidonge. Daftari la shule la kawaida linatosha. Mara nyingi ndilo humwezesha tabibu katika zahanati isiyo na vipimo vikubwa kuutambua ugonjwa, kwa kuwa kipandauso hutambuliwa kwa maelezo ya mgonjwa na uchunguzi wa mwili, wala picha ya ubongo si lazima kwa kila mtu.

Shambulio linapoanza, dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa mapema, wakati maumivu bado ni madogo. Kwa mtu mzima asiye na kizuizi cha kiafya, paracetamol gramu 1, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, au ibuprofen miligramu 400, hutosha kwa wengi. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo aepuke ibuprofen, diclofenac na aspirini. Mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini. Mjamzito aanze na paracetamol na apate ushauri kliniki. Mgonjwa anayetapika huhitaji pia dawa ya kuzuia kutapika, la sivyo vidonge havifikii kazi yake. Zipo dawa mahususi kwa kipandauso, ikiwemo sumatriptan ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika Orodha ya Dawa Muhimu mwaka 2021. Zaidi ya dawa, mgonjwa alale mahali penye giza, ubaridi na utulivu. Nyumba ya tembe, kwa madirisha yake madogo na paa la udongo, hufaa kuliko chumba cha bati saa nane mchana.

Hapa ndipo onyo la vidonge linapohusika. Mtu mwenye kipandauso anayemeza paracetamol, aspirini au ibuprofen kwa siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa muda unaozidi miezi mitatu, yumo katika hatari ya kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa zenyewe. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa mbili au tatu, ambavyo vingi huwa na kafeini, na kwa dawa mahususi za kipandauso, mpaka ni siku 10 tu kwa mwezi. Kinachohesabiwa ni siku, wala si wingi wa vidonge katika siku moja. Ubongo huzoea dawa, na kila nguvu yake inapokwisha maumivu hurudi. Mgonjwa humeza tena, na mzunguko hujifunga. Aliyekuwa na mashambulio mawili kwa mwezi hujikuta akiamka na kichwa kizito karibu kila asubuhi, huku akiamini kuwa ugonjwa umekua na dawa haitoshi.

Kanuni rahisi ni kutotumia dawa za maumivu zaidi ya siku mbili kwa wiki. Aliyekwisha kuvuka mpaka huo hutibiwa kwa kusitisha dawa iliyozidi, chini ya usimamizi wa mtaalamu. Ni vyema ajue mapema kwamba maumivu huongezeka katika siku za mwanzo, kwa kawaida kati ya siku 2 na siku 10, kabla ya kuanza kupungua. Wengi hukata tamaa katika kipindi hicho kwa sababu hawakuelezwa, na familia iliyoelezwa huweza kumpunguzia mgonjwa kazi kwa siku hizo.

Anayepata siku nne au zaidi za kipandauso kwa mwezi anastahili kufikiriwa dawa ya kinga. Dawa hizo humezwa kila siku, hata kichwa kisipouma, ili kupunguza idadi na ukali wa mashambulio. Zinazotumika zaidi ni propranolol na amitriptyline, ambazo ni za zamani na hazina bei kubwa. Huanzwa kwa kipimo kidogo na kupandishwa taratibu, na matokeo hupimwa baada ya miezi miwili au mitatu. Mafanikio yanayotarajiwa ni mashambulio kupungua kwa nusu au zaidi. Hata hivyo, propranolol haifai kwa mwenye pumu, na amitriptyline huleta usingizi, hivyo humezwa usiku. Dawa hizi hutolewa kwa cheti cha daktari. Kuzinunua kwa maelekezo ya jirani ni hatari.

Wanawake wana suala lao la pekee. Kushuka kwa homoni kabla ya hedhi huchochea mashambulio, na daftari huonesha hilo waziwazi. Mwanamke mwenye kipandauso chenye ishara za awali anapaswa kumweleza mtoa huduma kabla ya kuchagua uzazi wa mpango, kwa kuwa vidonge vyenye homoni mbili huongeza hatari ya kiharusi kwake. Zipo njia nyingine zilizo salama.

Si kila kichwa kinachouma ni kipandauso, na baadhi ya maumivu hayasubiri daftari. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja endapo maumivu yamelipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja. Yanaambatana na homa na shingo kukakamaa, degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili au ulimi kuwa mzito. Yameanza baada ya kuumia kichwa. Au yamejitokeza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50. Mjamzito au mzazi wa wiki chache anayeumwa kichwa kikali na kuona ukungu anaweza kuwa anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Anayeishi na virusi vya UKIMWI aliyeanza kupata maumivu mapya achunguzwe bila kuchelewa. Na katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, nyumba nzima ikiamka na maumivu ya kichwa baada ya kulala na jiko la mkaa ndani, milango ifunguliwe na wote watoke nje: hiyo ni sumu ya moshi, na huua.

Kwa maumivu yasiyo na dalili hizo, safari huanzia zahanati au kituo cha afya, na rufaa huelekea hospitali ya wilaya kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Mgonjwa abebe daftari lake pamoja na pakiti za dawa zote alizotumia, zikiwemo zilizokwisha. Asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga simu namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo.