Je, Wajua? Nozeli, Tabo na Presha Iliyolishinda Ziwa Tanganyika

Je, wajua kwamba lita moja ya petroli haiungui sawasawa mpaka injini ivute zaidi ya lita 9,000 za hewa? Tena hiyo ni hesabu ya Dar es Salaam, pale kwenye usawa wa bahari. Hapa Mpanda, mita 1,100 hivi juu ya bahari, lita hiyohiyo inataka lita kama 10,000. Chukua lile tangi kubwa la maji la nyumba ya wageni, lijaze hewa tupu: lote hilo ni la lita moja ya mafuta!

Na kwa nini Mpanda idai zaidi? Kwa sababu presha ya hewa huku ni pungufu kwa asilimia 12 hivi kuliko ya Dar. Gari la petroli lisilo na tabo, ile feni inayoisindilia injini hewa, linafika stendi ya Mpanda likiwa limeshaacha njiani zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Dereva anamlaumu fundi, kumbe wa kulaumiwa ni mwinuko!

Lenye tabo halijali sana. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini ya ndege mpaka kileleni mwa mlima Pikes Peak, mita 4,300 hivi, akaifungia tabo, na injini ikarudisha nguvu zake za bondeni. Mswisi Alfred Büchi alikuwa ameshapata hataza ya wazo hilo tangu 1905.

Unajua tabo ya gari dogo inazunguka mara ngapi? Zaidi ya mara 150,000 kwa dakika. Haya, tuendelee.

Sasa sogea karibu, maana utamu wenyewe uko hapa. Hewa peke yake haisukumi gari. Kila pumzi ya tabo lazima ifuatwe na mafuta yake. Kwa petroli, kilo 14.7 za hewa hutosha kilo moja ya mafuta. Lakini tabo ikikaza, mafundi hushusha hewa mpaka kilo 12 au hata 11.5 kwa kilo moja, yaani wanamwaga mafuta mengi kuliko yanayoweza kuungua. Wamechanganyikiwa? Hata kidogo! Yale ya ziada kazi yake ni kupoza.

Kupoza nini? Pistoni! Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na pistoni ni ya alumini, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu. Inapona kwa sababu moto huo ni wa kufumba na kufumbua, na oili na maji huondoa joto haraka. Kila silinda ina nozeli yake ya kupulizia mafuta; moja ikiziba kidogo wakati tabo inavuma, silinda ile moja inakosa mafuta, na pistoni yake inatoboka huku zenzake ziko salama salimini.

Je, wajua nozeli ina haraka kiasi gani? Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila nozeli inafunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde moja! Kila zamu ina milisekunde 20, basi. Na mafundi wanaojua kazi hawapendi ikae wazi zaidi ya 16 kati ya hizo, ibakiwe na akiba.

Tupige hesabu kidogo, usikimbie. Unataka nguvu za farasi 300 kutoka injini ya petroli ya silinda nne yenye tabo, mfano zile Subaru Impreza za vijana wa rali. Kila nozeli itabidi iwe na uwezo wa cc 590 hivi kwa dakika. Ukikanyaga mpaka mwisho, injini inakunywa karibu lita 1.9 kwa dakika. Dakika moja! Wewe uliyeweka mafuta ya elfu kumi, hesabu mwenyewe utafika wapi.

Hapa ndipo wajanja wa mjini wanapokuja na njia ya mkato: usinunue nozeli kubwa, kaza tu presha ya mafuta. Kumbe presha ni bahili, mafuta hufuata kipeuo chake cha pili! Ukiipandisha kutoka bar 3 hadi 4, mafuta yanaongezeka kwa asilimia 15 tu. Ukiizidisha mara mbili kamili, unapata nyongeza ya asilimia 41. Anayekuahidi mara mbili, muulize kipeuo cha pili alifundishwa darasa la ngapi.

Na hili je? Tabo ikisukuma bar 1 ya hewa, hewa hiyo inaikaba nozeli mdomoni. Bar zako 3 za mafuta zinabaki na nguvu ya 2, na mafuta yanapungua kwa asilimia 18 wakati uleule injini inapoyalilia. Dawa yake ni mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa kwenda kwenye kidhibiti presha, ili hewa ikipanda bar moja, mafuta nayo yapande bar moja. Ukichomoka huo, kwaheri injini.

Kuna nozeli mbili unaweza kuziweka mezani ukadhani ni mapacha. Moja ina ukinzani wa omu 12 au zaidi, nyingine omu 2 au 3. Ukiifunga ya pili kwenye gari lililotengenezewa ya kwanza, umeme unaovutwa unaweza kuunguza kompyuta ya injini.

Pampu ya umeme ndani ya tangi inapozwa na nini? Na petroli yenyewe inayoizunguka! Kwa hiyo wale wenzetu wanaotembea wiki nzima taa ya mafuta inawaka, pampu yao iko jikoni.

Tuje kwenye dizeli, maana mkoa wetu wa Katavi ni nchi ya Land Cruiser. Ile injini maarufu ya 1HZ, silinda sita, cc 4,164, haina tabo kutoka kiwandani, na nozeli zake hufunguka kwenye bar 150 hivi. Sasa nenda Karema, simama ufukweni, tazama Ziwa Tanganyika. Lina kina cha mita 1,470, na presha ya maji kule chini kabisa ni karibu bar 145. Nozeli ya 1HZ na sakafu ya ziwa, ngoma droo!

Lakini dizeli za siku hizi zenye tabo? Aaa, hizo ni habari nyingine. Mwaka 1995 Denso wa Japani waliingiza kwenye lori la Hino mfumo wa bomba moja la presha kubwa linalolisha nozeli zote. Mwaka 1997 ukaingia kwenye gari dogo, Alfa Romeo 156. Kufika 2013 Denso walikuwa wametangaza mfumo wa bar 2,500. Hiyo ni sakafu ya Ziwa Tanganyika mara 17! Na kina kirefu kuliko vyote baharini, Mariana, hakifiki hata nusu yake. Kwa hiyo bomba likivuja injini ikiwa inawaka, usipapase kwa kidole: dizeli ya presha hiyo inapenya ngozi, na safari yako inaishia chumba cha upasuaji.

Matundu ya nozeli hizo yana milimita 0.1 hadi 0.2. Na pampu ya mfumo huo haina oili ya peke yake, inalainishwa na dizeli ileile inayopita. Umeona sasa kwa nini mafuta ya kuchakachua yanaua? Mafuta ya taa hayana ulaini wa dizeli, chuma kinasaga chuma. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo isilipe.

Ajabu ya nyumbani: reli ya Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210, ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Na risasi ndiyo iliyotiwa kwenye petroli duniani kwa miongo mingi kuzuia injini isigonge, ugonjwa mkubwa wa injini za tabo! Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo ya magari ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Mashabiki wa rali nao wasinung'unike. Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Mkenya Ian Duncan akarudia kwa Celica ya tabo mwaka 1994.

Ya mwisho, ukanunulie nayo. Nozeli za mtumba hupimwa kwa kumwaga mafuta kwenye mirija ya vioo, kila moja na mrija wake, kwa muda sawa. Mwambie muuzaji azipime ukiwa umesimama hapo, uone mirija yote imejaa sawa. Akikataa, mwachie nozeli zake.