Majumba ya Bath, Mji wa Maji ya Moto

Dini yetu imetuhimiza kusafiri kwa mazingatio. Lakini mtu aweza kuzunguka nchi kumi akarudi kwao na picha elfu katika simu yake, na ukimwuliza alichokiona hana jawabu ila kusema, "Majumba mazuri." Jambo hili twaliona mara nyingi kwa vijana wetu waendao Ulaya kwa masomo au kwa matembezi. Kwa ajili hiyo tumeonelea tuwasimulie khabari za mji mmoja wa Uingereza uitwao Bath, tulioutembelea kwa siku mbili tulipokwenda kuwazuru jamaa zetu wakaao Bristol. Tuliuzunguka mji ule kwa miguu, na mbele ya kila jengo tuliuliza maswali mawili tu: Nani aliyetoa fedha likajengwa? Na nani aliyekuwa na ruhusa ya kuingia?

Kutoka Bristol hadi Bath ni mwendo wa robo saa hivi kwa gari la moshi. Mji umo bondeni, kando ya mto Avon, na vilima viko pande zote. La kwanza limshangazalo mgeni ni rangi yake. Nyumba karibu zote, kubwa na ndogo, zimejengwa kwa jiwe la namna moja lenye rangi ya asali, lililochimbwa katika vilima vilevile. Mwaka 1987 shirika la UNESCO liliutia mji huu katika orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 2021 ukaingizwa kwa mara ya pili pamoja na miji mingine 10 ya Ulaya iliyopata sifa kwa chemchemi za tiba, kama vile Baden-Baden ya Ujerumani na Karlovy Vary ya Ucheki.

Maji na Warumi

Asili ya mambo yote ya Bath ni maji. Mvua iliyonyesha zamani sana juu ya vilima vya Mendip ilizama ardhini maelfu ya mita, ikapata moto huko chini, kisha ikapanda tena kwa kupitia nyufa za miamba. Chemchemi iliyo kubwa hutoa zaidi ya lita milioni moja kila siku, na joto la maji yake ni digrii 46 hivi. Hakuna mwanadamu aliyeyapasha moto maji yale, wala aliyeyanunua kwa mtu. Tunamwomba msomaji alikumbuke neno hili, kwani sehemu kubwa ya khabari ifuatayo ni khabari ya watu walioyajengea kuta maji hayo wakachagua nani aingie.

Warumi waliivamia Uingereza mwaka 43, na haikupita miaka mingi wakajenga hapo hekalu na hamamu. Wenyeji walikuwa wakimwabudu mungu wa kike wa chemchemi aitwaye Sulis. Warumi wakamchanganya na mungu wao Minerva, na mji wakauita Aquae Sulis, yaani maji ya Sulis. Hamamu yao ingaliko. Birika Kubwa lina kina cha mita moja na nusu na zaidi, na sakafu yake imetandikwa mabamba 45 ya risasi ambayo mpaka leo yanazuia maji yasivuje. Maji ni ya kijani, kwa sababu siku hizi birika liko wazi na jua huotesha ukoga. Enzi za Warumi lilikuwa limeezekwa. Na zile sanamu za watawala wa Kirumi zilizosimama juu, ambazo wageni hushindana kuzipiga picha, si za Warumi hata kidogo. Ziliwekwa mwishoni mwa karne ya 19. Kando ya birika vimo vyumba vya joto, ambavyo sakafu zake ziliinuliwa juu ya vijiguzo vya matofali ili hewa ya moto ipite chini. Hamamu za Mashariki zilirithi mengi katika ufundi huo, hata msomaji aliyepata kuingia Hamamni pale Unguja, iliyojengwa zama za Sayyid Barghash, hatajiona mgeni sana.

Lakini kitu kilichotusimamisha zaidi ni vipande vidogo vya risasi, kiasi cha 130, vilivyopatikana ndani ya chemchemi. Watu walioibiwa waliandika juu yake malalamiko yao wakavitupa majini, ili mungu wao awaadhibu wezi. Mmoja aliibiwa joho, mwingine vitu vya nyumbani. Mmoja aitwaye Docimedis alipoteza glavu mbili tu, naye akaomba mwizi wake apotewe na akili na macho! Mwenzetu mmoja alinong'ona, "Hii ni halbadiri ya Warumi," nasi tukacheka. Baada ya kicheko tukafikiri. Hekalu lile lilijengwa na wenye nguvu ili kuonyesha nguvu zao. Lakini sauti iliyotufikia baada ya miaka karibu 1,800 ni ya mtu mnyonge aliyeibiwa nguo akioga, asiye na kadhi wa kumwendea.

Mji wa starehe

Tuziruke karne nyingi tufike mwaka 1705, alipowasili kijana mmoja mcheza kamari aitwaye Richard Nash. Wakati huo matajiri wa London walikuwa wameanza kuja Bath kunywa maji ya tiba na kuoga. Nash akawa msimamizi wa starehe zao, akapiga marufuku kuvaa panga mjini, akaweka kanuni za mavazi na za dansi, hata watu wakamwita Mfalme wa Bath. Maji yakawa sababu, na kamari ikawa ndiyo biashara. Serikali ilipoikaza sheria ya kamari, mapato yake yakakauka. Alikufa mwaka 1761 akiwa fukara, akiishi kwa posho ndogo aliyopewa na mji. Akazikwa kwa heshima kubwa ndani ya kanisa kuu, lile ambalo uso wake wa mbele umechongwa malaika wakipanda na kushuka ngazi.

Katika zama za Nash walikuwako wawili wengine walioupa mji sura yake. Ralph Allen alitajirika kwa kutengeneza njia za posta, akanunua machimbo ya mawe, akajenga juu ya kilima jumba lake la Prior Park ili kila mtu aone uzuri wa jiwe alilokuwa akiliuza. John Wood alikuwa fundi msanifu wa majumba. Aliweka msingi wa duara la nyumba liitwalo Circus mwaka 1754, akafa mwaka uleule, na mwanawe mwenye jina kama lake akaimaliza kazi.

Mwana huyo ndiye aliyejenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1775, jengo mashuhuri kuliko yote ya Bath. Ni nyumba 30 zilizoungana, zimepinda mfano wa hilali, na mbele yake zimesimama nguzo 114 zilizo sawasawa. Tulikaa kitako juu ya majani tukaitazama kwa muda mrefu, na hatuoni haya kusema kwamba ni kazi nzuri mno. Lakini tukamsihi kijana wetu atupeleke nyuma. Kule mambo ni mengine kabisa! Ukuta mmoja umetokeza, wa pili umeingia ndani. Dirisha hili liko juu, lile liko chini. Sababu yake ni kwamba Wood aliujenga uso peke yake. Kila mnunuzi alinunua kipande cha uso, kisha akajijengea nyuma yake apendavyo kwa kadiri ya mfuko wake.

Fedha zilitoka wapi?

Hapa ndipo swali letu la kwanza lilipopata jawabu zito. Bristol, jirani wa Bath, ilikuwa bandari kubwa ya biashara ya watumwa, na wengi waliokuja kustarehe Bath walikuwa wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi. Daraja la Pulteney, lililomalizika mwaka 1774 nalo lina maduka pande zote mbili kama barabara ya mjini, lilijengwa na William Pulteney. Naye alimiliki mashamba na watumwa katika visiwa hivyo. Juu ya kilima cha Lansdown uko mnara wenye ngazi 154, uliojengwa mwaka 1827 na William Beckford, aliyerithi utajiri wa sukari ya Jamaika tangu utotoni. Alikuwa akipanda mnarani humo kutazama mandhari na vitu vyake vya thamani. Wale waliokata miwa hawakupata kuiona hata ngazi ya kwanza.

Katika mji huohuo wa Bath, mwaka 1797, alioa William Wilberforce, aliyepigana Bungeni miaka mingi mpaka Uingereza ikaharimisha biashara ya watumwa mwaka 1807. Na watumwa walipoachwa huru kwa sheria ya mwaka 1833, serikali ililipa fidia ya pauni milioni 20. Walilipwa mabwana kwa hasara ya kupotewa na mali zao. Watumwa wenyewe hawakupewa hata senti moja.

Nyumba mbili

Swali letu la pili, la nani aliyeruhusiwa kuingia, lilitupeleka kwenye nyumba mbili ambazo wageni wengi huzipita.

Ya kwanza ni hospitali iliyofunguliwa mwaka 1742 kwa ajili ya maskini waliohitaji maji ya tiba. Nash aliikusanyia fedha, pengine kwa walewale waliokuwa wakicheza naye kamari. Allen alitoa mawe bure, na Wood mzee akachora ramani asitake ujira. Mgonjwa fukara aliweza kutoka mji wa mbali akatibiwa, ila ilimpasa kuleta amana ya fedha: akipona zimrudishe kwao, akifa zimzike. Kazi ile ikaendelea kwa zaidi ya miaka 270. Mwaka 2019 hospitali ilihamia jengo jipya, na lile kongwe likauzwa ili ligeuzwe hoteli. Tulisimama mbele ya mlango wake kwa huzuni kidogo, kwa kuwa katika majumba yote tuliyoyaona, hili ndilo lililowafungulia maskini maji yale ya moto.

Ya pili iko upande wa magharibi wa mji, nayo huitwa Fairfield House. Ni nyumba ya kawaida yenye bustani. Waitaliani walipoiteka Addis Ababa mwaka 1936, Mfalme Haile Selassie wa Uhabeshi alikimbilia Uingereza, akakaa katika nyumba hii mpaka mwaka 1940. Mwaka uliofuata majeshi ya Waingereza, wakiwamo askari wa KAR kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki, yaliwatoa Waitaliani, na Mfalme akarudi katika mji wake mkuu. Mwaka 1958 aliutunuku mji wa Bath nyumba ile itumike kwa wazee, na hata sasa wazee wa makabila mbalimbali hukutana humo. Yako mengi ya kusemwa juu ya utawala wake, na hapa si mahali pake. Sisi tulitazama mlango tu, tukaona unaingiwa na watu wasio na cheo.

Mji wenyewe umepata misiba yake. Mwezi Aprili 1942 ndege za Wajerumani ziliupiga mabomu, wakafa watu zaidi ya 400, na kumbi za dansi za Assembly Rooms zikaungua zikabaki kuta. Kumbi zilijengwa upya. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa kijidudu kilichokuwa majini, kuoga kukasimamishwa kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2006 ilipofunguliwa hamamu mpya inayopata maji safi kwa visima vilivyochimbwa chini zaidi. Humo huoga wanaume na wanawake pamoja, basi sisi tulitosheka kuionja glasi ya maji ya uvuguvugu yenye ladha ya chuma. Adhuhuri tuliswali pamoja na Waislamu wa mji ule katika msikiti wao, nao umo ndani ya nyumba ya kale katikati ya mji.

Nasaha kwa vijana wetu

Msidhani kwamba maswali haya ni ya kuwauliza Wazungu peke yao. Katika pwani yetu pia yako majumba ya mawe yenye milango ya nakshi, na mengine yalijengwa kwa jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu na ya minazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, kwa mkono wa Sayyid Barghash huyohuyo mwenye Hamamni, tena kwa kulazimishwa na Waingereza. Kuyasema haya si kuwatukana wazee wetu, wala si kuuvunja uzuri wa kazi ya mafundi. Ni kutimiza haki ya wale waliobeba mawe na majina yao hayakuandikwa mlangoni.

Basi kila mtakapoingia mji mgeni, au mkipita katika mtaa wenu wenyewe, tazameni uso wa nyumba mkausifu ukistahiki sifa, kisha zungukeni nyuma. Waulizeni wazee nani alijenga, kwa mali gani, na nani alikuwa akipita mlango huo. Yaandikeni mtakayoambiwa kabla wazee hao hawajaondoka. Na anayejaaliwa mali naye akataka kujenga, na afikirie mapema watu watakaouliza maswali hayo mbele ya nyumba yake.

Wabillahi taufiki.