Kadi ya Mwaliko Isiyodai Mchango: Maandalizi ya Sherehe ya Somo wa Jumuiya

Katika mitaa yetu mingi neno “kadi” limebadilika maana. Mtu akikabidhiwa bahasha mlangoni, jicho lake halitafuti kwanza tarehe, bali kiasi. Kadi ya mchango hutangulia, kadi ya mwaliko hufuata, na asiyefikisha kiwango huenda asiione hiyo ya pili. Mambo ya harusi na kamati zake tuyaache kwa siku nyingine. Lakini desturi hiyo imeanza kuingia hata katika sherehe ya somo wa Jumuiya, na hapo mchungaji hawezi kunyamaza.

Katika Injili ya Luka 14:12-14, Bwana wetu anaketi mezani kwa kiongozi mmoja wa Mafarisayo, na anamwambia mwenyeji wake jambo linalochoma: aandaapo karamu, asiwaite tu jamaa na majirani matajiri watakaomlipa kwa kumwalika nao, bali awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, ambao hawana cha kurudisha. Hapa orodha ya waalikwa ndiyo inayopima karamu. Maaskofu wa AMECEA, walipozifanya Jumuiya Ndogo Ndogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walikusudia Kanisa liishi pale watu wanapokaa jirani. Naye Mtakatifu Papa Yohane Paulo wa Pili, katika Wosia wa Kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995, alilieleza Kanisa kuwa Familia ya Mungu. Mjane wa nyumba ya tatu hawezi kukosa nafasi mezani mwa familia kwa sababu ya shilingi elfu kumi.

Ndiyo maana napendekeza kadi zitengenezwe nyumbani, na Jumuiya yenyewe. Gharama hupungua, ni kweli, lakini kuna faida iliyo kubwa zaidi: anayeandika jina la jirani kwa mkono wake hulazimika kwanza kulijua jina hilo.

Basi kazi ianze na orodha, kabla ya rangi na mkasi. Daftari la katibu halitoshi, kwa kuwa humo wamo wanaohudhuria. Watu wawili wapite nyumba kwa nyumba ndani ya eneo la Jumuiya: wapangaji wa vyumba vya nyuma, mlinzi wa usiku, binti wa kazi, mgonjwa asiyetoka, familia iliyoacha kusali, majirani Waislamu na Walutheri. Waulize majina na wayaandike sawasawa. “Familia ya chumba cha uani” si jina la mtu.

Picha ya kadi itoke katika maisha ya somo mwenyewe. Chukueni mfano wa Jumuiya ya Mtakatifu Martin de Porres, ambaye sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Alizaliwa Lima, Peru, mwaka 1579, akawa bruda Mdominiko aliyehudumia wagonjwa na maskini, akafariki mwaka 1639, na Papa Yohane wa 23 akamtangaza mtakatifu mwaka 1962. Wachoraji humwonyesha ameshika ufagio, na miguuni pake mbwa, paka na panya wanakula katika sahani moja. Sijui picha inayofaa zaidi kwa karamu ya majirani! Sahani moja na mikia mitatu yatosha. Mtoto wa Utoto Mtakatifu anaweza kuichora, na mwalikwa atacheka kabla hajaanza kusoma.

Kuhusu vifaa, karatasi moja ya manila yenye ukubwa wa A1 hutoa kadi 32 za sentimita kumi na nusu kwa karibu kumi na tano, kwa hiyo mbili zinatosha Jumuiya ya kawaida. Kwa mapambo, vipande vya kitenge kutoka kwa fundi cherehani hupendeza, na penye migomba, maganda yake makavu hukatwa vipande, hulazwa chini ya vitabu vizito mpaka yanyooke, kisha hubandikwa. Gundi ni uji wa unga wa ngano uliopikwa hadi kuwa mzito. Upakwe mwembamba, na kadi zikauke pahali penye hewa, zisije zikaota ukungu. Kama picha ni ileile kwa kadi zote, kateni kiazi mviringo katikati, chongeni umbo juu ya uso wake, chovyeni katika rangi na kugonga kama muhuri. Kumbukeni tu kwamba herufi huchongwa kinyume ili zitokee sawa.

Maneno yawe machache. Paroko hana haja ya kutajwa na vyeo vyake vyote. Nafasi hiyo apewe mwalikwa. Yafaa kuandika hivi: “Mama Neema na watoto, sisi majirani zenu wa Jumuiya ya Mtakatifu Martin tunawakaribisha tule pamoja Jumapili, saa 8 mchana, nyumbani kwa mwenyekiti, chini ya mwembe. Njooni jinsi mlivyo. Chakula kipo.” Sentensi hiyo ya mwisho isiachwe, kwa sababu ndiyo inayomtoa mtu hofu. Wenye uwezo wachangie kwa mweka hazina, kimya kimya, mbali na kadi. Saa ya Misa itofautishwe na saa ya chakula, ili jirani asiye Mkatoliki aje kwa uhuru anapotaka. Na kama mmekubaliana na majirani Waislamu juu ya uchinjaji, kadi iseme wazi nani amechinja, ili mgeni asikae mbele ya sahani akiwaza.

Tangazo katika kundi la WhatsApp ni msaada, ila halimfikii bibi asiye na simu janja, wala aliyejitoa kundini baada ya ugomvi. Wazee wetu husema: usikatae wito, kataa neno, lakini wito wenyewe sharti umfikie mtu. Kadi zipelekwe kwa mkono wiki mbili kabla, mtu mzima akiongozana na mtoto aliyechora. Penye uhasama wa zamani, aende yule anayehusika, asitume mtu. Asiyejua kusoma asomewe palepale, taratibu, bila kuonyesha kwamba anasomewa.

Hatimaye, katibu abaki na kadi tano zisizo na majina, pamoja na kalamu. Wapangaji huhama na kuhamia kila mwezi, na atakayeshusha mizigo yake Ijumaa aandikiwe yake Ijumaa hiyohiyo.