Gari Likichemka Njiani na Karafuu Ndani



Msimu ukikaribia, sote hushughulika na majamvi, magunia na ujira wa wachumaji. Wachache wetu hukumbuka gari litakalobeba mazao hayo, mpaka siku linaposimama kilimani likitoa moshi mweupe mbele. Tumeona yafaa kuandika habari hii mapema, kabla ya pilikapilika kuanza.

Karafuu mbichi ni mzigo mzito. Ikishakauka hubaki kiasi cha theluthi moja ya uzito wake, maana nyingine yote ilikuwa maji. Basi gari linalotoa karafuu mbichi shambani hubeba maji mengi kuliko karafuu, tena kwa njia ya udongo yenye vilima, kwa gea ndogo na mwendo wa pole. Upepo wa kuipoza injini huwa haba, na kazi yake huwa kubwa. Hapo ndipo inapochemka. Nayo karafuu mbichi haimngoji fundi. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, huvunda, na ikikauka hutoka nyepesi, imekunjamana na kuingia weupe. Mwaka mzima wa kazi hupotea hivyo kwa usiku mmoja.

Kwanza, simama

Sindano ya joto ikianza kupanda kupita mahali pake pa kila siku, dereva na apunguze mwendo. Kama gari lina kiyoyozi, akizime. Kama lina hita, aifungue mpaka mwisho, kwani hita huchukua joto la injini. Sindano ikikaribia alama nyekundu, asiseme "tusogee kidogo tu mpaka barabarani." Aegeshe gari na azime injini. Mwendo mfupi juu ya injini iliyochemka watosha kupinda silinda hedi na kuunguza gasketi yake, na gharama yake ni kubwa.

Kisha, mfuniko wa rejeta usiguswe. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzi 100, lakini mfuniko huyabana kwa nguvu, hata yaweze kufika karibu nyuzi 120 bila ya kuchemka. Ukiufungua, nguvu ile hutoka mara moja, na maji hugeuka mvuke na kuruka usoni na kifuani. Ngojeni nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa kwa mkono na kubonyezwa. Hapo tena, tumieni kitambaa kinene, zungusheni mfuniko kidogo, mwacheni mvuke utoke, ndipo mfungue. Maji ya baridi yasimwagwe kwa pupa ndani ya injini yenye moto, kwani chuma huweza kupasuka.

Mnapongoja, msikae bure. Fungueni midomo ya magunia, na ikiwezekana teremsheni karafuu na kuitandaza juu ya jamvi kivulini. Kwa sababu hiyo twashauri kila gari lichukue jamvi moja la akiba pamoja na dumu la maji safi.

Gari hueleza ugonjwa wake

Kuchemka ni dalili, na ugonjwa wenyewe ni mwingine. Dereva mwangalifu atajiuliza: limechemka wakati gani?

Likichemka linaposimama au linapokwenda pole, kisha likapoa linapokwenda kwa kasi, tazama feni. Huenda mkanda wake umelegea au umekatika. Injini ikiwa imezimwa, bonyeza mkanda kati kwa kidole gumba; ukizama zaidi ya sentimita 1 hivi, hapana budi kukazwa, na ukiwa na nyufa ubadilishwe. Kama feni ni ya umeme, huenda fyuzi imekatika. Lakini feni ya namna hiyo huweza kuanza kuzunguka hata baada ya injini kuzimwa, basi weka mikono mbali.

Likienda vizuri tambarare na kuchemka linapopanda na mzigo, aghalabu rejeta imeziba. Nje huzibwa na vumbi, majani na mbegu za nyasi za shambani. Hayo huoshwa kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele. Ndani huzibwa na kutu na magadi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Likichemka mapema, muda mfupi baada ya kuwashwa, ilhali maji yamejaa, mpira wa juu ukawa wa moto na wa chini ukabaki baridi, basi yamkini themostati imekwama. Hiki ni kilango kidogo ambacho hufunguka maji yakifika kiasi cha nyuzi 82 hadi 90 ili yapite kwenda kwenye rejeta.

Na kama maji hupungua kila siku wala hakuna tone chini ya gari, shuku gasketi ya silinda hedi. Dalili zake ni moshi mweupe usiokwisha nyuma, mapovu ndani ya rejeta, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Gari la namna hiyo lisibebe mzigo hata siku moja.

Themostati isitupwe

Wako mafundi ambao kila gari likichemka hung'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Twawaomba wanachama wasikubali. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Tena katika injini kadhaa themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka bila ya kupita kwenye rejeta, na gari likazidi kuchemka. Iliyoharibika ibadilishwe kwa nyingine ya aina yake.

Maji gani?

Maji ya visima vya karibu na pwani yana chumvi, na chumvi hula chuma. Maji ya visima vya mawe nayo huacha magadi, kama tunavyoyaona ndani ya birika. Njiani, ukishikwa, tia yoyote yaliyo safi. Lakini ukifika nyumbani yamwage, na utie kulanti iliyochanganywa kama ilivyoandikwa kwenye chupa yake. Kulanti huzuia kutu na huchelewesha kuchemka.

Kabla ya msimu

Mwanachama mwenye gari, au anayekodi la mwenziwe, na aangalie mambo haya: mipira ya maji isiwe imevimba wala kupasuka, mkanda wa feni uwe umekaza, mpira wa mfuniko wa rejeta usiwe umekatika, pampu ya maji isivuje, na kipimo cha joto kiwe kinafanya kazi. Kazi hii ni ya asubuhi moja. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Neno la mwisho ni kwa wenye mzigo. Mara nyingi dereva huiona sindano, akataka kusimama, lakini mwenye karafuu aliye ubavuni mwake humhimiza: jua linazama, wachumaji wanangoja ujira wao. Basi huona haya, akaendelea. Ndugu, dereva akisema "nasimama," mwacheni asimame. Nusu saa ya kungoja yaweza kuokoa karafuu na gari pia. Injini ikifa, gari hubaki pale pale kilimani na mzigo wake, na usiku unaingia.

Katibu