Puduli wa Ulaya na Mbwa Wetu wa Mpemba

Wengi wenu mmekwisha kuona picha ya mbwa wa Ulaya aitwaye puduli. Manyoya yake hujisokota kama ya kondoo, kiuno kimenyolewa, na miguuni ameachiwa mafundo ya manyoya kana kwamba amevaa viatu vya sufi. Watu humcheka wakisema, “Mbwa gani huyu? Hata kuku hawezi kulinda!”

Msimcheke upesi. Puduli alikuwa mbwa wa kazi. Jina lake latokana na neno la Kijerumani la kurusharusha maji, na Wafaransa humwita kwa jina litokanalo na bata. Wawindaji walipompiga bata akaanguka ziwani, puduli ndiye aliyeogelea kumleta. Manyoya mazito yalimkinga na baridi, lakini yakilowa yalimlemea. Basi walimnyoa, wakamwachia manyoya kifuani na kwenye viungo ili visipate baridi. Lililoanza kwa ajili ya kazi likageuka pambo.

Wapo wa vimo mbalimbali: mkubwa hufika sentimita 60 begani, mdogo kabisa hazidi 28. Ni mwepisi wa kufundishika na hupenda watoto. Lakini manyoya yake hayaachi kukua. Yataka kuchanwa mara kwa mara na kunyolewa kila baada ya wiki chache. Katika nyasi zetu zenye kupe, hiyo ingekuwa kazi kubwa.

Sasa tumtazame mbwa wetu wa Mpemba. Manyoya yake ni mafupi, mwili mwembamba, miguu miepesi. Usiku hubweka mgeni asiyejulikana akikaribia, mchana hufuatana na watoto machungani. Naye ni mbwa wa kazi kama puduli. Tofauti yao kubwa ni matunzo. Puduli hupewa chakula, maji safi na chanjo. Wetu mara nyingi hupewa jina tu, kisha mawe.

Hapo ndipo hatari ilipo, maana mbwa asiyechanjwa aweza kuleta kichaa cha mbwa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu 59,000 hivi kila mwaka duniani, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa, 40 hivi ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikisha kumtokea mtu, ni vigumu mno kupona.

Mbwa mpole akiwa mkali ghafula, akitokwa na udenda mwingi, au akiuma miti na mawe, msimkaribie. Mtu akiumwa, oshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Msipake dawa za majani wala pilipili. Mpelekeni hospitali siku ile ile, naye amalize sindano zote alizoandikiwa, hata kama kidonda kimepona.

Jina la Mpemba lawakumbusha wengi kisiwa cha Pemba, na huko liko fundisho. Mbwa walichanjwa, na mwaka 2014 ugonjwa ukakoma kisiwani. Mwaka 2016 ukaingia tena. Watu hawakukata tamaa. Mbwa walichanjwa upya, na kufikia mwaka 2018 ukawa umekoma tena. Sisi tulio kwenye barabara kuu iendayo mpakani Tunduma, ambako watu na mizigo hupita usiku na mchana, yatupasa kuwa macho zaidi. Wataalamu wasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Mtu mmoja peke yake hawezi; kijiji kizima chaweza.

Basi, baba wa nyumba, muulize bwana mifugo siku ya chanjo, umpeleke mbwa wako kila mwaka, na kadi uitunze. Mama, usidharau mkwaruzo wa mtoto aliyechezea mbwa. Nanyi watoto, msimchokoze mbwa anayekula, anayelala au anayenyonyesha. Na mkiumwa, semeni nyumbani siku hiyo hiyo, wala msifiche kwa kuogopa fimbo. Wazazi nao wasimpige mtoto aliyesema kweli, maana kweli hiyo ndiyo itakayomwokoa.