Sabato na Ratiba ya Chuo: Ushiriki katika Maisha ya Wanafunzi wa Kiyahudi

Makala haya yanakusudia kueleza namna mwanafunzi anavyoshiriki katika maisha ya Kiyahudi chuoni, na kwa nini jambo hilo linastahili kuzingatiwa Butembo na Beni, ambako vyuo kadhaa vimeasisiwa na makanisa. Hoja inayotetewa ni kwamba ushiriki huo haupimwi kwanza kwa ukiri wa imani, bali kwa matumizi ya wakati. Kwa hiyo, mahali unapojaribiwa hasa ni kwenye ratiba ya masomo na mitihani.

Dini ya Kiyahudi ni dini ya jamaa. Baadhi ya sala zake haziwezi kusaliwa pasipo kukutana watu wazima kumi, na mlo wa usiku wa Sabato hutazamiwa kuliwa pamoja. Mwanafunzi aliye mbali na kwao, akiwa peke yake, hukosa sehemu kubwa ya ibada yake hata kama ana vitabu vyote. Kwa sababu hiyo, mwaka 1923 Rabi Benjamin Frankel alianzisha katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, chama cha wanafunzi kilichopewa jina la mwanachuoni wa kale, Hillel. Utaratibu wake umeenea katika vyuo vingi duniani: mlo wa Ijumaa jioni, darasa la Maandiko, maadhimisho ya Pasaka, na mlango ulio wazi kwa mwanafunzi anayejua mengi na kwa yule asiyejua lolote. Mgeni huanza kwa kuketi mezani. Maarifa hufuata baadaye.

Sabato yenyewe huanza Ijumaa jua linapotua na kumalizika Jumamosi usiku unapoingia. Msemaji wa Kiswahili haoni ugeni mkubwa katika hesabu hii, kwani katika mapokeo ya pwani siku huanza magharibi, na "usiku wa Jumamosi" ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Butembo, mji ulio karibu kabisa na Ikweta, jua hutua mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Hata hivyo, majina ya siku hiyo yana asili mbalimbali. Neno Jumamosi lahesabu siku ya kwanza baada ya Ijumaa ya Waislamu. Kiswahili cha Kongo, hasa cha Katanga, huiita siku ya posho, yaani siku ambayo wafanyakazi wa enzi ya ukoloni waligawiwa chakula. Kwa Myahudi ni siku ya saba, ya kupumzika. Inadhihirika kwamba kila kalenda hubeba historia ya waliyoiweka, na ratiba ya chuo haikosi kuwa na asili yake.

Katika Afrika ya Mashariki na Kati, jumuiya za Kiyahudi zimekuwa chache lakini si ngeni. Jumuiya ya Nairobi iliundwa mwaka 1904, na sinagogi lake limo jirani na Chuo Kikuu cha Nairobi. Lubumbashi, Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes walikuwa na sinagogi tangu mwaka 1930, na Rabi Moïse Levy aliwaongoza kuanzia mwaka 1937 hadi 1991. Hao walikuwa wahamiaji. Mfano ulio karibu zaidi na hali ya mwanafunzi Mwafrika ni wa Abayudaya wa Mbale, Uganda. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, alishika dini ya Kiyahudi pamoja na wafuasi wake. Katika utawala wa Idi Amin, kati ya mwaka 1971 na 1979, ibada yao ilipigwa marufuku, wakabaki wachache. Waliochangia sana kuihuisha jumuiya katika miaka ya 1980 walikuwa vijana. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu mafunzo ya urabi Los Angeles mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge.

Vijana wa jumuiya ndogo kama hiyo waingiapo chuo kikuu hukabiliwa na swali ambalo Waadventista wamelifikisha mahakamani kabla yao. Baadhi ya wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walipinga kufanyishwa masomo na mitihani siku ya Sabato. Mahakama ya Katiba ya Uganda ililikataa dai lao mwaka 2003, na Mahakama ya Juu ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2006. Nchini Kenya, kinyume chake, Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 2017 kwamba wanafunzi Waadventista wa shule wapewe nafasi ya kuitunza Sabato. Katiba za nchi zote mbili zinalinda uhuru wa dini. Palipotofautiana ni katika kupima ni mzigo kiasi gani taasisi iubebe kwa ajili ya wachache.

Upimaji huo unaihusu Kivu ya Kaskazini moja kwa moja. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili kilianzishwa Beni mwaka 2007. Huko Lukanga, si mbali na Butembo, chuo cha Waadventista huitunza Jumamosi kuwa Sabato. Hivyo katika eneo moja mwanafunzi aweza kuona siku ileile ikiwa ya mapumziko katika chuo kimoja na ya kazi katika kingine. Anayekwenda kusoma Mbale, Nairobi au ng'ambo atakutana na tofauti hizo kwa upana zaidi.

Kutokana na hayo, mambo matatu yaweza kupendekezwa. Kwanza, mwanafunzi wa dini ya wachache ajitambulishe kwa ofisi ya masomo mwanzoni mwa mwaka, wala asingoje wiki ya mitihani. Pili, chama cha wanafunzi wa dini yoyote kiwakaribishe wageni mezani bila kuwadai imani, maana ujirani hujengwa hapo. Tatu, wapangaji wa ratiba waulize kabla ya kupanga. Mtihani ukihamishwa kutoka Jumamosi hadi Jumatatu, chuo hupoteza siku mbili. Usipohamishwa, mwanafunzi hulazimika kuchagua kati ya shahada na Sabato yake, na lolote atakalochagua, chuo kitakuwa kimempoteza kwa sehemu.