Mama Yake Anaitwa Nani?

Posa ikishapokelewa, kabla mshenga hajarudishiwa jibu, katika nyumba nyingi za pwani huulizwa swali ambalo mgeni hulishangaa: mama yake kijana anaitwa nani? Hawaulizi ili wamwalike chai. Wanataka kupiga hesabu. Jina la kijana na la mama yake, jina la binti na la mama yake, hupelekwa kwa mwalimu anayejua falaki, naye baada ya muda hutamka kama nyota za wawili hao zinapatana au hazipatani.

Wengi hudhani mwalimu huyo anatazama mbingu. Hatazami. Hahitaji tarehe ya kuzaliwa wala saa. Nyota anayoisema hutoka kwenye herufi. Katika mpangilio wa abjadi kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake: alifu ni 1, be ni 2, jimu ni 3, kwenda hadi ye ambayo ni 10, kisha hufuata makumi, kisha mamia, na ghaini hufunga kwa 1000. Unajumlisha herufi za jina la mtu na za jina la mama yake, unaondoa kumi na mbili kumi na mbili mpaka zisiweze kutoka tena, na kinachobaki ndiyo burji yake, kuanzia Hamali ambayo ni ya kwanza hadi Hutu ya kumi na mbili. Ukiuliza kwa nini mama na si baba, utajibiwa kwa sauti ya chini kwamba mama hana shaka.

Tuifanye wenyewe. Kijana ni Ali, mama yake Maryamu. Aini 70, lamu 30, ye 10: Ali ni 110. Mimu 40, re 200, ye 10, mimu 40: Maryamu ni 290. Jumla 400. Ondoa kumi na mbili mara 33, zinabaki 4. Burji ya nne ni Saratani, yaani Kaa, na Kaa ni wa maji. Hapo hakuna ubishi.

Binti ni Zainabu, na mama yake ni Fatuma. Zainabu ni rahisi: ze 7, ye 10, nuni 50, be 2, jumla 69. Kazi iko kwa Fatuma. Mwalimu aliyekaa chuoni ataliandika kwa Kiarabu sanifu, Fatima: fe 80, alifu 1, twe 9, mimu 40, na mwishoni ile te ya kike inayoandikwa kwa umbo la he. Akiihesabu kama umbo lake, yaani he, ni 5, na jina zima ni 135. Jumlisha na 69 ya Zainabu: 204. Kumi na mbili zinaingia humo mara 17 bila kubaki kitu, na isipobaki kitu burji ni ya kumi na mbili, Hutu, Samaki. Maji kwa maji. Harusi ipangwe.

Mwalimu wa mtaa wa pili anaiona herufi ileile kuwa ni te, kama ilivyo kwa sarufi, naye anaipa 400. Sasa Fatima ni 530, jumla ni 599, na zinabaki 11. Zainabu amekuwa wa Dalu, Ndoo, na Ndoo ni ya upepo. Maji na upepo si maadui wa kupindukia, lakini si marafiki pia. Mwalimu atakuna kidevu na kusema wanahitaji dua. Wa tatu anaandika jina kama majirani wanavyoliita, Fatuma, kwa wau: fe, twe, wau, mimu, he. Ni 140. Jumla 209, zinabaki 5, burji ya Asadi. Simba ni moto, na Ali ni maji. Mshenga arudishwe.

Msichana ni yuleyule, na mama yake hajabadilika hata ukucha. Na hapo hatujagusa tofauti kubwa zaidi, kwamba abjadi ya nchi za mashariki na ile ya Maghribi hazitoi thamani sawa kwa herufi zote: sini huku ni 60, kule ni 300. Kwa haki ya walimu, wengi wao hushika njia moja na hawaibadilishi, kwa hiyo mteja wa mwalimu mmoja hatakutana na mchezo huu. Atakutana nao akienda kwa wawili.

Kuna hesabu nyingine ambayo sijaona ikizungumzwa. Burji kumi na mbili zimegawanywa kwa tabia nne: moto, udongo, upepo na maji, tatu kwa kila moja. Burji za tabia moja hupatana. Moto na upepo ni marafiki, udongo na maji ni marafiki. Basi ukichukua wachumba wowote wawili bila kuwajua, karibu nusu ya jozi hizo nyota zao zitakuwa zinapatana. Mtu akipatia mara moja kwa mbili, na waliofarakana hukumbukwa kuliko waliokaa salama, sifa zake zitaenea bila yeye kujitangaza.

Vitabu vya fani hii vinavyouzwa vichochoroni mwa miji ya pwani mara nyingi hubeba jina la Abu Mashari, mzaliwa wa Balkh aliyeishi Baghdad na kufariki mwaka 886. Kinachochekesha ni kwamba Abu Mashari anayejulikana katika historia alikuwa mnajimu wa mbingu hasa, mtu wa sayari, mizunguko na majedwali. Fani yake kwa sehemu kubwa ilitoka kwa Wayunani, na miongoni mwa walioandika wazi kuhusu ndoa yumo Ptolemy wa Iskandaria, karne ya pili. Katika Tetrabiblos anasema ndoa hudumu pale jua na mwezi wa mume vinapokaa kwa upatano na jua na mwezi wa mke, hasa mwezi wa mmoja ukielekeana vizuri na jua la mwenzake. Upatano kwake ni kipimo cha pembe: digrii 60 au 120.

Hiki kinaweza kupimwa, na kilipimwa. Carl Jung, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikusanya ramani za kuzaliwa za wenzi 483 waliooana na kuchapisha matokeo mwaka 1952. Zilimfikia kwa mafungu. Katika fungu la kwanza la jozi 180, kilichojitokeza zaidi ni mwezi wa mke kukaa pamoja na jua la mume, mwezi na jua kama kwa Ptolemy, ingawa si kwa pembe zake. Katika fungu la pili la jozi 220, ikaja juu hali nyingine, mwezi kwa mwezi. La tatu, jozi 83, likaleta hali ya tatu. Alipoyaunganisha yote, kilima kilisawazika, na Jung mwenyewe alikiri kwamba kitakwimu hakuna kitu. Alivutiwa badala yake na jinsi kila fungu lilivyotoa kile ambacho wanajimu wangependa kukiona, na hapo akaingia katika falsafa ambayo mimi simfuati.

Zile orodha za magazetini za nani anafaa kuoana na nani, Kondoo na Simba, Nge na Samaki, ni changa sana. Zinatazama jua peke yake, yaani tarehe ya kuzaliwa tu. Safu za nyota za jua zilianza kushika katika magazeti ya Uingereza miaka ya 1930, na mtindo wa kulinganisha wapenzi burji kwa burji ulisambazwa na vitabu kama Love Signs cha Linda Goodman, Mmarekani, mwaka 1978. Kwetu, kwa miaka mingi Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, aliifanya nyota kuwa mazungumzo ya kawaida ya redioni na magazetini.

Mwaka 2007 David Voas wa Chuo Kikuu cha Manchester alizichukua takwimu za sensa ya Uingereza na Wales ya mwaka 2001 na kutazama tarehe za kuzaliwa za watu zaidi ya milioni 20, yaani jozi zipatazo milioni 10. Katika idadi kama hiyo, hata jozi moja kwa kila elfu ikisukumwa na nyota, zitaonekana jozi 10,000 za ziada mahali fulani. Zilionekana kidogo, mahali pamoja: wenzi wa burji moja walizidi kiasi. Voas akachimba, akakuta chanzo ni fomu. Mtu mmoja hujaza fomu ya nyumba nzima, na mara nyingine akifika kwa mwenzake huandika tarehe yake mwenyewe. Makosa ya namna hiyo yalipoondolewa, Kondoo hakumkimbilia Simba wala Nge hakumkwepa Ndoo.

Mnajimu mwerevu atasema jua peke yake halitoshi, na anasema kweli kwa fani yake. Wahindu, pamoja na jamii zao za Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam, hawatumii jua katika kulinganisha wachumba. Hutumia mahali pa mwezi kati ya vituo 27. Wawili hupimwa kwa vipengele vinane vyenye uzito wa 1 hadi 8, jumla alama 36, na chini ya 18 wazazi husita. Kizito kuliko vyote ni nadi, alama 8, kinachohusishwa na afya ya watoto watakaozaliwa. Wachumba wenye nadi moja hupata sifuri hapo. Ila mbingu ya Kihindi imehama digrii 24 hivi kutoka ile ya magazeti ya London, kwa sababu mmoja anahesabu kutoka kwenye nyota zenyewe na mwingine kutoka kwenye majira. Walio wengi kati ya wanaojiita Simba kule, kwa Mhindi ni Kaa.

Kwa nini basi hesabu zisizokubaliana zimedumu? Masheikh wengi wamezikemea na makanisa hayazitaki, na bado swali la jina la mama linaulizwa. Nadhani jibu liko kwa mshenga. Familia isiyomtaka kijana ina sababu zake: ukoo, kazi, maneno waliyoyasikia. Hakuna hata moja inayosemeka mbele ya watu mtakaokutana nao msibani wiki ijayo. "Wazee wanawashukuru sana, ila nyota za watoto hazikukaa" inasemeka. Hakuna aliyetukanwa. Na familia ikimtaka kijana huyohuyo, mwalimu hana ugumu: atachagua siku na saa ya kufungia ndoa, ataandika kombe, na jina litaandikwa kwa he badala ya te. Sijasikia binti aliyetakiwa kwa dhati akaachwa kwa sababu ya salio la kumi na mbili.

Nadi ya Kihindi inagusa jambo ambalo kipimo chake kipo. Mwanamume na mwanamke wazima wa afya, kila mmoja akibeba kinasaba kimoja cha selimundu, katika kila mimba wana uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. Hapo kupatana kwa wawili ni jambo la kweli, na linaonekana kwa kipimo cha damu. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Saudi Arabia ilifanya kipimo kuwa lazima kwa wachumba wote mwaka 2004, ikaacha uamuzi mikononi mwao. Mwaka huo wa kwanza, kati ya wachumba walioambiwa damu zao hazifai kukutana, waliovunja uchumba walikuwa asilimia 9 tu. Kufikia 2009 walizidi nusu. Wengi wa waliooana licha ya majibu hawakudai kwamba maabara imekosea. Majibu yaliwakuta maandalizi ya harusi yameshaiva, na kurudi nyuma kungewatia wazazi wa pande zote mbili aibuni.